Paka aliyekaushia wino wake kwa maisha ya mtu

Mtu akikwambia hadithi yake ni ya "midia anuwai", mara nyingi ana maana kwamba kuna maandishi, chini yake picha, chini yake video, na muziki unaoanza wenyewe kabla hujajua unazimwa wapi. Ondoa video, hadithi ipo palepale. Ondoa picha, hakuna atakayeuliza zimekwenda wapi. Mniwie radhi, lakini hapo mimi sioni ubunifu, naona vitu vilivyorundikwa. Kipimo changu ni kimoja: hadithi ikihamishwa kutoka kwenye chombo chake, je, inaumia? Isipoumia, basi chombo kilikuwa pambo tu.

Katika riwaya nilizosoma, inayokipita kipimo hicho vizuri kuliko zote ni Maoni ya Maisha ya Paka Murr, iliyotoka Berlin katika juzuu mbili, ya kwanza mwishoni mwa 1819 na ya pili mwishoni mwa 1821. E.T.A. Hoffmann, mtunzi wa Kijerumani, anatajwa kama mhariri tu. Mwandishi ni paka dume, jina lake Murr.

Murr amelelewa na Mzee Abraham, fundi wa vinanda na mtu wa mazingaombwe. Kwa kukaa mezani na kufuata macho ya bwana wake kitabuni anajifunza kusoma. Kisha anajifunza kushika kalamu ya unyoya, na tangu siku hiyo hakuna wa kumshika: yeye ni mwanafalsafa, mshairi, msomi. Anaamua kuandika maisha yake ili paka vijana wapate mtu wa kumwiga. Linabaki suala la karatasi. Anakichanachana kitabu kilichokwisha kuchapwa alichokikuta kwa bwana wake, wasifu wa mwanamuziki Johannes Kreisler. Kurasa nyingine anazitandika chini ya karatasi anayoandikia, nyingine anazikaushia wino. Mswada unafika kiwandani zile kurasa zikiwa zimo bado, na mchapaji, kama ilivyo kawaida ya wachapaji, anachapa alichopewa.

Kwa hiyo unasoma paka anavyojisifu juu ya paa la nyumba, na katikati ya sentensi unajikuta ndani ya jumba la mtawala mdogo wa Kijerumani, mwanamuziki mwenye roho nyepesi anazidiwa na mapenzi na hasira. Unaanza kumwelewa. Unataka kujua kilichompata. Sentensi inakatika, na paka anarudi.

Kuna jambo moja katika mpangilio huu ambalo nilichelewa kuliona, na sasa naliona kuwa ndiyo akili yote ya kitabu. Murr akirudi, anaendelea pale pale alipoishia, neno kwa neno. Yeye hajapoteza kitu, maana mswada wake mzima umefika. Kreisler akirudi, haungani na alipoachwa, kwa sababu kurasa zake zilichanwa na nyingi hazipo. Mnyama mwenye majivuno ana wasifu kamili, na msanii wa kweli ana vipande. Hoffmann hakuandika sentensi hata moja ya kutueleza kwamba dunia ndivyo ilivyo. Aliiacha karatasi iseme, na ikasema kwa kuchekesha, jambo lililo gumu zaidi.

Maana kitabu kinachekesha kwelikweli. Mwanzoni kuna utangulizi wa paka mwenyewe, wa unyenyekevu, moyo unamdunda kwa hofu ya wahakiki. Ukurasa unaofuata una utangulizi mwingine aliokusudia usichapwe, ambamo anajitangaza kuwa mwandishi mkubwa na kumtishia makucha atakayebisha. Huo nao umechapwa kwa bahati mbaya, na mhariri anaomba radhi. Halafu kuna kisa cha kichwa cha samaki. Murr anakutana na mama yake mzazi, Mina, ana njaa. Mwana anaguswa hadi machozi, anakumbuka kichwa cha samaki alichokiacha nyumbani, anakikimbilia ili akilete. Njiani, kichwa kikiwa kinywani, anaanza kuwaza kifalsafa. Mnajua kilichotokea. Maelezo yake ya kwa nini ilibidi iwe hivyo ni marefu kuliko samaki mwenyewe.

Aliyeandika haya hakuwa mtu wa fani moja. Alizaliwa Königsberg mwaka 1776, akasomea sheria na kuwa jaji. Jina lake la tatu lilikuwa Wilhelm, akalibadili kuwa Amadeus kwa mapenzi ya Mozart. Opera yake, Undine, ilionyeshwa Berlin mwaka 1816. Alichora pia: mwaka 1802, akiwa mtumishi wa serikali Posen, vikaragosi vyake vya wakubwa wa mji vilimponza akahamishiwa Płock, mji mdogo ambako hakutaka kwenda. Mchoro wa jalada la paka anayeandika aliuchora yeye mwenyewe. Mtu wa namna hiyo angeweza kututwisha kila alichonacho, nota hapa, picha pale. Hakufanya hivyo. Ujuzi wake wa muziki nauona katika namna anavyozipokezanisha sauti mbili zisizofanana, moja ikinyamaza wakati usioutarajia. Mtunzi wa muziki Robert Schumann aliusikia muziki huo: mwaka 1838 alitunga vipande vya piano na kuviita Kreisleriana, kwa jina la maandishi ya awali ya Hoffmann kuhusu mwanamuziki huyohuyo.

Kinyago cha mnyama, bila shaka, kina kazi nyingine ambayo sisi tunaijua tangu utotoni. Mwaka 1819 mataifa ya Kijerumani yalipitisha maazimio ya Karlsbad, vyama vya wanafunzi vikapigwa marufuku, na Hoffmann mwenyewe, kama jaji, akawekwa kwenye tume ya kuwachunguza walioitwa wachochezi. Katika juzuu ya pili Murr anajiunga na chama cha paka vijana wanaoimba usiku darini mpaka wanapata taabu. Msomaji wa Berlin hakuhitaji kuchorewa ramani. Miezi michache baadaye kisa kingine chake, chenye kiroboto ndani, kilizuiwa na serikali kwa sababu mkubwa mmoja wa polisi alijitambua humo.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema, "Aa, hiyo ni kama sungura wetu." Sungura wetu ana wajibu. Chukua kisa cha punda wa dobi, ambacho mmishonari wa Kiingereza Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika hadithi alizozikusanya Zanzibar, na ambacho kimo pia katika Kalila na Dimna, kitabu cha kale cha Kiarabu cha visa vya wanyama. Punda anaponea makucha ya simba mara ya kwanza, anadanganywa tena, anarudi, analiwa. Simba akiulizia moyo na masikio, ambavyo sungura amekwisha kuvila, anajibiwa kwamba punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi. Ni mzaha mkali, naupenda sana, lakini mnyama yumo ili binadamu ajifunze. Murr hamfundishi mtu chochote. Anaamini anafundisha, na humo ndimo kicheko kilimo.

Tena paka huyu alikuwapo. Hoffmann alikuwa na paka mwenye jina hilo, na paka huyo alipokufa usiku wa kuamkia tarehe 30 Novemba 1821, Hoffmann aliwapelekea rafiki zake tangazo la msiba, lenye maneno ya heshima zote, kwamba mwanafunzi wake mpendwa amelala katika mwaka wa nne wa maisha yaliyokuwa na matumaini. Mwishoni mwa juzuu ya pili mhariri anawaarifu wasomaji kwamba mwandishi amefariki. Hebu niambieni, tangazo lile lililofika milangoni mwa watu ni sehemu ya riwaya au ni barua? Ndiyo midia ninayoitaka mimi: hadithi imetoka kitabuni kwa miguu yake kwa sababu ilikuwa na pa kwenda. Juzuu ya tatu iliahidiwa. Hoffmann naye akafariki Juni 1822, nayo haikuandikwa, kwa hiyo hata wasifu wa paka ukabaki kipande.

Wamarekani walikuwa na wa kwao, mdogo wa umbo. Mwaka 1916 Don Marquis, mwandishi wa safu katika gazeti la jioni la New York, alimleta mende anayeitwa Archy. Usiku chumba cha habari kikiwa kitupu, Archy anapanda kwenye taipureta na kuruka kichwa mbele juu ya kitufe, herufi moja, kisha nyingine. Hawezi kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kwa hiyo hana herufi kubwa. Mashairi yake karibu yote ni ya herufi ndogo, na juhudi ya kila herufi unaiona kwa macho. Mwili wa mende umeamua sura ya shairi. (Nina shaka kwamba mistari mifupi ilimfaa pia Marquis, aliyekuwa na safu ya kujaza kila siku.)

Mwaka 1957 Archy na rafiki yake, paka Mehitabel, walipelekwa jukwaani Broadway, Mehitabel akiigizwa na mwimbaji Eartha Kitt. Waimbaji, okestra, taa, kila kitu kilikuwapo. Onyesho halikudumu. Michezo huanguka kwa sababu nyingi na sitaki kujifanya nazijua zote, ila najua jambo moja: jukwaani mende haruki tena juu ya kitufe. Ni mtu anayeimba. Waliongeza vyombo vitano na kukitupa kimoja kilichokuwa hadithi yenyewe.

Hoffmann naye alifanyiwa upasuaji. Mwaka 1903 mhariri wa Kijerumani Hans von Müller alitoa kitabu cha maandishi ya Kreisler yakiwa peke yake, paka amewekwa kando. Naelewa tamaa hiyo. Nilipokuwa nasoma nami nilitamani kuruka kurasa za paka nijue habari za Kreisler. Lakini kutamani huko ndiko kulikotengenezwa na paka. Ukimwondoa, unabaki na riwaya ya huzuni isiyokwisha, na zipo nyingi.

Kwetu hadithi ilizaliwa na vyombo vyake. Paukwa, pakawa, katikati mnyama anaimba, na wasikilizaji wakiacha kuitikia, msimuliaji hawezi kusonga mbele. Tulipoitia vitabuni tukautoa wimbo, tukaweka mahali pake maswali ya ufahamu: hadithi hii inatufundisha nini? Leo tunataka kuirudishia sauti kwa kubandika kinanda juu yake. Hapana. Mwandishi aanze kwa kuuliza mnyama wake anaandikia nini, anashika nini, anashindwa nini.

Mimi nina wazo, achukue atakaye. Mbuzi wa karani wa mahakama. Amekula nusu ya jalada la kesi ya urithi, familia tatu zinagombana, na yeye ndiye anayesimulia, maana ndiye pekee aliyeipitisha kesi nzima kinywani. Anazikumbuka kurasa kwa ladha: wino wa wakili, gundi ya stempu, kidole gumba cha bibi kizee. Anazopenda anazicheua na kuzisimulia mara mbili. Zilizokuwa na uchungu hazisimulii kabisa. Msomaji apewe kitabu chenye pembe zilizotafunwa na namba za kurasa zinazoruka kutoka 11 hadi 40. Kazi itakuwa kwa mchapishaji, atakayepiga simu kuuliza faili lililobaki litatumwa lini.