"Ni uzee tu" si jibu

Mama yangu mdogo aliteleza uani akianika nguo. Alikanyaga maji ya sabuni, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali wakampiga picha, wakamfunga hogo, wakampa dawa za maumivu. Nikauliza, mbona mfupa umevunjika kwa anguko dogo vile? Nikajibiwa, "Mama ana miaka 63, ni uzee tu."

Jibu hilo limenikaa kooni. Mfupa uko hai. Zipo seli zinazobomoa palipochakaa, na nyingine zinakuja nyuma yake kujenga upya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga miezi. Ujanani shimo hujazwa likajaa. Umri ukisogea, kila shimo linabaki na pengo kidogo. Mwanamke akikoma hedhi ndipo mambo yanapoharibika kwa kasi, maana estrojeni, homoni ya kike iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji, imepungua, nao wanachimba kila mahali. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake.

Mama mdogo alikoma hedhi mapema, akiwa na miaka 44. Hakuna aliyemuuliza. Wala hakuna aliyemuuliza habari ya prednisolone anayomeza kwa pumu miaka nenda rudi, na dawa hiyo huwadhoofisha hao wajenzi.

Haya, umri umo, sikatai. Mashine za kupima mifupa nazo ni chache, nalijua hilo. Lakini kuuliza maswali mawili kunahitaji mashine gani? Aliyevunjika mara moja yuko karibu zaidi na kuvunjika tena, na dawa za kuwapunguza kasi wabomoaji, kama alendronate, zipo tangu miaka ya 1990. Dagaa, jua na kutembea pia husaidia.

Nasema kwa uchungu kwa sababu ya bibi. Kanga iliyokuwa ikimfika vifundoni ilianza kuburuza chini, tukawa tunamkunjia kiunoni mara mbili. Tulidhani kibiongo kimetokana na jembe. Kumbe pingili za mgongo zilikuwa zinabonyea moja moja, kimya kimya. Kisha akavunjika nyonga, hakuinuka tena kitandani.

Jumatatu mama mdogo anatolewa hogo. Nitaingia naye mpaka ndani, na swali langu ni lile lile.