Kompyuta zinazokaa bure usiku: zitumike au zizimwe?

Kompyuta 40 zikikaa bure kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, zinapotea saa 560 za kazi kila usiku. Hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka zitumike kufanya hesabu kubwa za kompyuta, na ni ya siku nyingi: mradi wa Condor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, ambao leo unaitwa HTCondor, unazifukuzia saa hizo tangu 1988. Seva moja, yaani kompyuta kuu, hushika foleni ya hesabu hizo, kila kompyuta hutangaza uwezo wake, na kazi hupelekwa kwenye mashine inayoifaa. Kibodi isipoguswa kwa dakika 15 hivi, kazi inaanza. Mwenye mashine akirudi, inasimamishwa; akiendelea kuitumia, inaondolewa.

Kwenye kuondolewa ndipo wengi wanapoumia. Kazi ya saa 6 ikikatwa imebakiza saa moja, tena haikuhifadhi hatua iliyofikia, inaanza upya kwingine, na huko pia inaweza kukatwa. Foleni inaonekana imechangamka, lakini matokeo hayatoki. Dawa ni kuigawa vipande vya dakika 30 hadi 60, au programu iandike hatua yake kwenye diski kila dakika 10. Iandike kwenye faili jipya kwanza, ndipo ilipe jina la lile la zamani. Mashine ikizimika katikati ya kuandika, lile la zamani linabaki zima. Vipande vya sekunde 5 navyo ni hasara, maana kuvipanga na kuvisafirisha kunachukua muda mrefu kuliko kuvikokotoa.

Wanaopinga wana hoja nzito: umeme. Mashine ambayo ingezimwa, ikivuta wati 100 kwa saa 14, inakula kilowati-saa 1.4, zote 40 ni 56 kwa usiku mmoja. Kama huachwa zinawaka hata hivyo, kinachohesabiwa ni umeme wa nyongeza tu.

Data nayo ipimwe mapema. Seva yenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, ikigawa gigabaiti 1 kwa kila mashine, itahitaji karibu saa nzima kuzimaliza zote. Data ya siri isiende kabisa, kwa sababu anayemiliki mashine anaweza kuisoma.

Kwa hiyo, hesabu moja inayorudiwa mara elfu kwa namba tofauti, kila mara ikijitegemea, inafaa sana hapa. Ile ambayo prosesa zake lazima zibadilishane matokeo kila hatua, kama utabiri wa hali ya hewa, inunuliwe mashine zake.