Tusisubiri Ndege Nzima

Makumbusho yetu ya Unguja na Pemba yanajua kusimulia mlango wa kuchonga, kasha la misumari ya shaba na kiti cha enzi. Mgeni akitoka humo anaweza kudhani kwamba kwa karne mbili watu wa visiwa hivi walikuwa wamekaa barazani wakinywa kahawa. Kumbe bandari hii imepigwa mizinga mara mbili ndani ya miaka 18. Meli mbili za vita zimezama mbele ya mji. Na huko Tunguu palikuwa na kituo kilichosikiliza mapigo ya moyo wa mtu aliyekuwa akiizunguka dunia. Mambo hayo yana vitu vyake, na vingine viko majumbani mwetu mpaka leo. Maoni yangu ni kwamba makumbusho madogo yaanze kuvikusanya sasa, vile vidogo vidogo, pamoja na maneno ya wenyewe, badala ya kuota siku tutakayopewa ndege kuukuu au kifaru cha kupamba bustani.

Vita vya 1896 vimeshageuka kichekesho cha watembeza wageni. "Vita vifupi kuliko vyote duniani," wageni wanacheka, wanapiga picha, safari ya Darajani inaendelea. Tarehe 27 Agosti, saa tatu na dakika mbili asubuhi, meli za Admirali Rawson wa Uingereza zilianza kulipiga kasri alimojifungia Sayyid Khalid bin Barghash, siku mbili baada ya kufariki Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini. Hata saa nzima haikutimia, kila kitu kilikwisha. Beit al-Hukm, jumba mojawapo la kasri hilo, ilibomoka, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini, milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Kwa hesabu hiyo mimi sioni pa kucheka.

Waliokuwa ndani ya kasri hawakuwa na mikono mitupu. Walikuwa na bunduki za Maxim, mzinga wa shaba wa zamani, na mizinga miwili ya uwanjani ambayo Sultani alizawadiwa na Mfalme Wilhelm wa Ujerumani. Fikiria zawadi hiyo imewekwa mbele ya mwanafunzi wa skuli: Mjerumani anampa Sultani mizinga, Mwingereza anaipasua, kisha Khalid anakimbilia ubalozi wa Kijerumani na kuvushwa kwenda Dar es Salaam. Somo zima la kugombaniwa kwetu limo humo. Hata kipande cha kombora kilichofukuliwa kwenye msingi wa nyumba, kikiandikwa kimetoka wapi na nani alikiokota, kingelisimulia kuliko sentensi ya "vita vifupi".

Mzinga ukitunzwa unaongea. Ile miwili ya shaba nyeusi ya mbele ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, ina nembo ya Ureno pamoja na maandishi ya Kiajemi, kwa sababu Waajemi waliiteka kutoka kwa Wareno huko Hormuz mwaka 1622. Kitu kimoja, falme mbili, na cha tatu ni sisi tulioishia kuwa nacho. Watoto wanaipanda kama farasi. Sikatai waipande, shaba haina haraka ya kufa, lakini angalau mzazi awe na mahali pa kusoma habari hiyo.

Mara ya pili bandari yetu kupigwa mizinga ilikuwa alfajiri ya 20 Septemba 1914. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga hapa, mashine zake zikitengenezwa. Königsberg ya Wajerumani ikatokea, ikasimama mbali pasipofikiwa na mizinga ya Pegasus, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia waliofariki wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wengi wetu tunakiona tukiwa ndani ya boti na hatuulizi. Baadaye mizinga ya Pegasus ikaopolewa na kupelekwa vitani bara. Königsberg nayo ilipoangamia Rufiji, Wajerumani waliokoa mizinga yake, wakaitia magurudumu na kuitumia nchi kavu. Leo ukitaka kuona mzinga wa Pegasus na wa Königsberg pamoja, panda gari uende Fort Jesus, Mombasa. Siwaonei gere watu wa Mombasa, wametunza. Nasema tu kwamba vita vilipigwa hapa, makaburi yapo hapa, na chuma kiko kwao.

Na katika kuisaka Königsberg ndipo ndege za kivita zilipofika pwani yetu. Novemba 1914 rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliiona meli hiyo imejificha kwenye mikoko ya mto Rufiji, akiwa na ndege inayotua majini iliyokuwa imechoka vibaya. Mwezi uliofuata akakamatwa. Ndege zilizoletwa baada yake zilikuwa za mbao na vitambaa, na joto letu lilizifanya vibaya: gundi ikiachia, mashine zikikosa nguvu za kunyanyua watu wawili na bomu. Ilibidi patengenezwe uwanja kisiwani Mafia, ziletwe ndege nyingine. Tarehe 11 Julai 1915, meli za Kiingereza Severn na Mersey zikiipiga Königsberg kutoka mtoni, ndege iliyokuwa ikizielekeza ilidunguliwa, na mwelekezaji aliyekuwa ndani aliendelea kutuma ishara za masahihisho huku inashuka. Hilo lilitokea majirani zetu hapo, mlango wa pili. Skuli tulisoma ndege za ndugu wawili wa Marekani. Hii ya Mafia sikuisoma.

Jengo la Beit al-Amani, pale Mnazi Mmoja, lenyewe ni kitu cha vita. Lilichorwa na Sinclair na kumalizika 1925 kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Makumbusho yamekaa ndani ya kumbukumbu ya vita, na vita vyenyewe tumevisahau.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni Tunguu.

Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, ule uliowapeleka Wamarekani wa mwanzo kwenye anga za juu. Wakati ule hapakuwa na setilaiti za kupokezana mawasiliano. Chombo kikipita juu, mtu wa chini anakisikia kwa dakika chache, kisha kinazama upande wa pili wa upeo. Kwa hiyo walipanga vituo kuizunguka dunia, kimoja kikiachia chengine kinapokea. Mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, safari isiyofika saa tano, alipokewa Kano, Nigeria, halafu Zanzibar, halafu meli iliyokuwa Bahari ya Hindi, halafu Australia. Mapigo ya moyo wake, pumzi zake, hali ya oksijeni yake, vyote vilishuka kwa mawimbi ya redio mpaka kwenye shamba la Unguja.

Wapo waliokipinga kituo hicho, wakihofia kisiwa kitageuzwa shabaha ya makombora. Hofu yao haikuwa ya kijinga, ukikumbuka dunia ilivyokuwa wakati ule. Baada ya Mapinduzi, Aprili 1964, serikali ya Mzee Karume ikataka kiondoke, na kikaondoka. Leo Tunguu kuna chuo kikuu chetu, SUZA, na vijana wanasoma kompyuta humo. Wangapi wanajua kwamba mji huo uliwahi kuwa sikio la Marekani? Kituo kama kile hakikuendeshwa bila madereva, wapishi, walinzi na vibarua. Kwa umri, waliokuwa vijana mwaka 1962 sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Kila msiba unaotokea Tunguu, Bambi au Chwaka unaweza kuwa umeondoka na picha, kitambulisho cha kazi, au kisa cha siku ile wazungu walipoomba watu wakae kimya wasikilize redio.

Ndiyo maana nasema vidogo kwanza. Jirani yetu mmoja alifanya kazi uwanja wa ndege enzi za East African Airways, shirika lililoanza 1946 likimilikiwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndege zake za mwanzo zilikuwa Dragon Rapide za mbao na kitambaa, zikaja Dakota, zikaja Friendship, mpaka shirika likafa 1977. Mzee ana kofia ya kazi, beji yenye simba, tikiti tupu na spana ndefu iliyopinda. Nilimwambia, "Babu, hivi vipeleke makumbusho." Akanitazama. "Nikiwapelekea hii wataandika 'spana'. Mimi nikifa, ishakuwa spana kweli." Akaniambia yeye mwenyewe ilitumika wapi, nani aliipinda, na kwa nini hakuirudisha stoo. Sitaandika hapa, ni yake. Lakini dakika kumi zile ndizo zilizokuwa na thamani. Chuma chenyewe kwa kilo kina bei yake na mwenye mkokoteni anapita kila wiki.

Wenye mikokoteni siwalaumu. Wananunua chuma chakavu, na kitu kisichokuwa na maandishi ni chakavu kweli. Hata kikiingia makumbusho bila jina la aliyekitoa, tarehe na kisa chake, kimehamia stoo tu.

Hebu tuizungumze hiyo ndege nzima, maana kila ukitaja urithi wa anga hakosekani wa kusema "tutafute Dakota moja tuiweke pale". Tuiweke wapi? Bati la ndege si alumini safi, limechanganywa na shaba ili liwe gumu, na chumvi ya bahari inapoingia linachanika kurasa kurasa kama kitabu kilicholowa. Palipofungwa kwa boliti za chuma ndipo panapooza haraka. Baada ya misimu michache ya masika una kiota cha kunguru chenye mabawa. Ndege inataka paa, na paa hilo ni kubwa kuliko makumbusho yoyote tuliyonayo. Sehemu ya Beit al-Ajaib imeporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Jengo lenyewe limetushinda kulishika, tuongeze ndege?

Vidogo navyo vina hatari zake, na hapa makumbusho yanapaswa kuwa na mtu anayejua. Saa na mita za ndege za zamani zilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa radiamu. Rangi inaweza kuacha kung'aa, lakini radiamu inahitaji miaka ipatayo 1600 ili ipungue nusu yake, kwa hiyo mita iliyozima bado ina mionzi. Isifunguliwe, isikwaruzwe, ikae ndani ya kioo, na anayeishika avae glavu. Chuma kilichotoka baharini ni habari nyengine: kinaonekana kizima, ukikianika kinaanza kumenyeka, kwa sababu chumvi imeingia mpaka ndani. Kinatakiwa kilowekwe kwa miezi, pengine miaka, katika maji yenye dawa ya kuitoa chumvi. Kama huna pipa na huna dawa, mzamiaji akiache kilipo.

Pemba ndiyo ningeanza nayo, ingelikuwa juu yangu. Ngome ya Chake Chake ina makumbusho madogo, vyumba vichache, na udogo huo ni faida: mhifadhi anaweza kukijua kila kitu kwa jina. Kwa watu wa Pemba ndege haikuwa starehe. Ilikuwa tofauti ya kulala baharini na kufika Unguja kabla ya adhuhuri. Ningetafuta mizani ya kupimia abiria. Kwenye ndege ndogo mtu hupimwa na mzigo wake, na bibi zetu walioona haya kupanda mizani mbele za wanaume wana visa vya kujaza ukuta mzima. Ningetafuta tikiti zilizoandikwa kwa mkono, na picha za watu waliovalia nguo za Idi kwenda tu kutazama ndege inatua.

Kuna watakaosema silaha zisiwekwe, tutawafundisha watoto kupenda vita. Mimi nahofia zaidi mtoto anayedhani vita ni kichekesho cha dakika arubaini. Vitu vya Mapinduzi ya 1964 ni suala jengine. Bunduki ya siku ile bado ina familia pande zote mbili, na maneno ya kuandika chini yake hayajakubalika hata mezani kwa chakula cha usiku. Viandikishwe, vitunzwe stoo, na maonyesho yasubiri mpaka pande zote zimeulizwa.

Gharama ya ninachokisema ni daftari la kusajilia, simu yenye kamera na kinasa sauti, bahasha za karatasi isiyo na tindikali, kabati linalofungika, na mtu wa kwenda vijijini mara kwa mara akiwa na subira ya kukaa barazani. Wapo wanafunzi wa historia pale SUZA wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wapewe Tunguu yenyewe.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna nishani ya babu aliyekwenda vitani, beji ya shirika la ndege au barua yenye muhuri wa kituo cha Wamarekani, chukua kipande cha karatasi uandike jina lake, mwaka unaoujua na namna kilivyofika nyumbani, kisha ukifunge pamoja na kitu chenyewe. Ikiwa ni kombora au risasi iliyookotwa shambani, hiyo usiiguse wala usiibebe. Ita polisi.