Barry Sanders hakuwa na deni la mtu

Mwishoni mwa Julai 1999, gazeti moja la Wichita, mji alikozaliwa Barry Sanders, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya Detroit Lions, lilipata ujumbe mfupi kwa faksi: Sanders anaacha kucheza. Alikuwa na miaka 31, mzima wa afya, na zilimbaki yadi 1,457 tu aifikie rekodi ya Walter Payton ya yadi 16,726 za kukimbia na mpira. Msimu wa kawaida tu kwake ungetosha. Detroit ilikasirika, na hadi leo wapo wanaosema alikimbia kazi.

Mimi nasema hakukosea kuiacha rekodi ile.

Kwa wasioufuatilia mpira wa Kimarekani, kazi ya Sanders ilikuwa kupokea mpira na kupenya nao katikati ya mibaba inayotaka kumwangusha. Alikuwa mfupi, kama sentimita 173 hivi, mapaja kama magogo. Ungedhani wamemkamata, kumbe keshageuka na wale walinzi wanakumbatiana wenyewe. Kwa misimu 10 akiwa na Detroit Lions alikusanya yadi 15,269, karibu kilomita 14, kila hatua kuna mtu anamrukia. Akifunga, hakucheza dansi wala kujipiga kifua. Alimkabidhi mwamuzi mpira akaondoka.

Wanaomlaumu wanasahau Desemba 1989. Ulikuwa msimu wake wa kwanza, mechi ya mwisho, huko Atlanta. Kocha alimwambia kwamba zimebaki yadi chache tu aongoze ligi nzima, akamuuliza kama anataka kurudi uwanjani. Timu ilikuwa imeshashinda, kijana akakataa. Akamaliza na 1,470, na taji likaenda kwa Christian Okoye wa Kansas City, Mnigeria aliyeingia Marekani kama mrusha kisahani, mwenye 1,480. Yadi 10! Mtu aliyeziacha yadi 10 akiwa na miaka 21, kwa nini tulishangaa alipoziacha 1,457?

Halafu kuna tarehe 21 Desemba 1997, siku ambayo mimi siwezi kuitaja kwa furaha tupu. Sanders alivuka yadi 2,000 za msimu mmoja siku hiyo na kumaliza msimu na 2,053, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na watu wawili tu. Katika mechi hiyohiyo mwenzake Reggie Brown aliumia uti wa mgongo, akalala pale chini bila kupumua mpaka matabibu wakamrudisha. Aliokoka, akatembea tena, lakini hakucheza tena. Miaka 6 nyuma Mike Utley, aliyekuwa akimfungulia njia mbele, alivunjika shingo akapooza. Sanders aliyaona haya kwa macho yake.

Mwenyewe alikuja kueleza kwamba kilichomchosha ni kushindwa. Namwelewa. Katika miaka yote 10 timu ilishinda mechi moja tu ya mtoano, dhidi ya Dallas, Januari 1992. Msimu wake wa mwisho walishinda mechi 5, wakapoteza 11. Ukimbie namna ile, kila mwaka, kwa ajili ya hilo?

Nakubali jambo moja: aliaga siku chache kabla ya kambi ya mazoezi, wenzake wakabaki bila mtu wa kuijaza nafasi yake. Hao walikuwa na haki ya kulalamika, na hapo simtetei. Klabu nayo ilidai irudishiwe sehemu ya bonasi ya mkataba, shauri likaamuliwa, akarudisha. Hesabu ya fedha iliishia hapo. Mwaka 2004 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa Kimarekani, na mwaka 2023 Lions wenyewe wakamsimamishia sanamu nje ya uwanja wao.

Aliyebaki na kinyongo kwa sababu ya zile yadi 1,457, namwomba atafute mkanda wa ile siku ya Desemba 1997. Asitazame mbio peke yake. Atazame na zile dakika ambazo Brown amelala chini.