Asilimia 102 ya watoto waliochanjwa

Tuseme kuna eneo ambalo sensa ya zamani inalihesabia watoto 1,000 wa chini ya mwaka mmoja, lakini kwa sasa wapo 1,300. Kituo cha afya kikichanja 1,020, ripoti itasema asilimia 102. Ngazi za juu watapongezana, na watoto 280 hawajachanjwa. Hesabu hii ni ya mfano tu, ila viwango vinavyopita asilimia 100 hujitokeza kweli kwenye ripoti za chanjo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la kuhudumia watoto (UNICEF), wanapoandaa makadirio yao ya kila mwaka, huzipima takwimu za vituo kwa tafiti za kaya.

Wanaozitilia shaka zana za kidijitali za kufuatilia chanjo huanzia hapo: kompyuta ikilishwa namba mbovu, itatoa ubovu uleule kwa kasi zaidi na kwa grafu nzuri. Ni kweli. Lakini zipo hesabu zisizohitaji sensa hata kidogo. Chanjo ya penta, inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na maambukizi ya bakteria aitwaye Hib, katika nchi nyingi hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kituo kikiona watoto 500 wamepata dozi ya kwanza na 400 tu wamefika ya tatu, mmoja kati ya watano ameachia njiani. Hao wazazi walishafika kliniki mara moja, kwa hiyo kuwalaumu kwa kukosa mwamko hakusaidii. Mara nyingi jibu limo ndani ya huduma yenyewe: foleni ya kutwa nzima, dozi zilizoisha, mama aliyefokewa kwa kusahau kadi.

Ninaiunga mkono rejesta ya kielektroniki inayomfuata mtoto kwa jina kwa sababu hiyo. Jumla humwambia mkuu wa programu kwamba kuna tatizo, wakati orodha ya majina humwambia muuguzi leo atafute nani. Kwa surua tofauti hii ni kubwa, maana kuizuia isisambae kunahitaji takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga, tena katika kila jamii. Wastani mzuri wa eneo kubwa hauusaidii mtaa mmoja wenye watoto wengi wasiochanjwa.

Hata hivyo, muuguzi huyo ana malalamiko ya haki. Anajaza daftari, anajaza kadi ya mama, kisha anajaza kishkwambi, na watoto wanalia kwenye benchi. Huambiwa ni kipindi cha mpito, nacho hukawia kwisha. Kama kishkwambi hakiondoi hata daftari moja mezani, kisipelekwe kituoni.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba rejesta ya kliniki inawajua waliofika kliniki. Mwaka 2024 watoto zaidi ya milioni 14 duniani hawakupata hata dozi moja ya chanjo, na wengi wao hawangeonekana kwenye orodha ya wanaodaiwa dozi, kwa kuwa hakuna aliyewaandika. Hapa kazi ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na ya usajili unaoanzia kwenye uzazi. Teknolojia nayo ina mchango: nchini Nigeria, wakati wa kupambana na polio, picha za setilaiti zilifichua makazi ambayo hayakuwemo kwenye ramani za mkono za timu za chanjo. Lakini baada ya picha, ilibidi mtu aende huko na kiboksi cha baridi cha kubebea chanjo.

Linabaki suala la siri, ambalo watetezi wa mifumo hii hulipita haraka mno. Jina la mtoto, simu ya mama na mahali wanapolala ni taarifa nzito kwa familia ya wakimbizi au isiyo na vibali vya ukaazi. Mama akihofu kwamba kumsajili mwanawe kutamfikisha kwa maofisa, hatakuja, na zana iliyoundwa kuwatafuta wasiochanjwa itakuwa imemwongeza mmoja. Masharti ya nani anaruhusiwa kuifungua rejesta yaandikwe kabla ya mtoto wa kwanza kuingizwa, na polisi na idara ya uhamiaji wasiwemo.