Mafuta ya ndege kwenye pikapu ya dizeli: injini itakubali, pampu itakataa

Wanaotetea kutia mafuta ya ndege kwenye gari la dizeli hukimbilia jeshi la Marekani: Humvee zao, magari ya kijeshi ya dizeli, zinatembelea JP-8, na JP-8 ni mafuta ya ndege, basi Hilux itashindwaje? Hoja hiyo ni nusu. JP-8 ni Jet A-1 (mafuta ya kawaida ya ndege za jeti) iliyotiwa viongezo, na kimojawapo, cha kuzuia kutu, hulainisha vyuma pia. Jet A-1 tupu haina hicho. Kwenye Vita vya Ghuba, Humvee zilizojazwa Jet A-1 zilisumbua kuwaka injini ikishapata moto.

Kuungua si tatizo. Jet A-1 ni ndugu wa mafuta ya taa, na injini ya dizeli huyachoma; utapoteza nguvu kidogo tu kwa kila lita.

Tatizo ni pampu. Hilux za zamani, za injini ya 2L, 3L na 5L, zina pampu ya mzunguko ambayo kila kipande ndani yake kinaogelea kwenye mafuta. Haina oili nyingine. Jet A-1 ni nyepesi, unene wake kama nusu ya dizeli au chini ya hapo, kwa hiyo vyuma vinasagana na mafuta yanapenya pembeni ya planja (kipistoni kinachoyasukuma) badala ya kwenda kwenye nozeli. Dalili yake haijifichi: asubuhi gari linawaka kwa stata moja, mchana ukilizima robo saa haliwaki tena. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri ipoe, upige stata. Likiwaka, acha kusumbua betri, pampu imeliwa.

Kwa kamonireli, injini za kisasa ambazo reli moja ya shinikizo kubwa hulisha nozeli zote (D-4D za Toyota na wenzake), sishauri hata lita moja. Pampu ikianza kusagika, unga wa chuma unaingia kwenye reli na nozeli zote, na hapo hubadilishi pampu peke yake. Jet A-1 inaruhusiwa salfa hadi ppm 3,000 (sehemu 3,000 kwa milioni), wakati dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi ppm 50 mwaka 2015; gari lenye kichujio cha moshi litaziba.

Umekwama porini na pampu yako ni ya zamani? Robo Jet A-1, robo tatu dizeli, na nusu lita ya oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) kwa kila lita 100. Ifike mjini, basi. Mwenye kituo anayechanganya ili auze ni habari nyingine: Tanzania vinasaba, alama ya kemikali inayotiwa kwenye mafuta halali, vitamuumbua.

Kabla ya yote, hakikisha si Avgas, ya ndege ndogo za pistoni. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Jet A-1 huacha doa la mafuta; Avgas hukauka upesi, na ile ya 100LL ina rangi ya buluu. Avgas ni petroli, kwa kawaida yenye risasi: haiwaki kwa mgandamizo wa dizeli na hailainishi chochote. Ikishaingia usipige stata. Vuta gari, toa tenki lote, safisha mipira, weka filta mpya.