Mshauri nasaha ofisini sawa, ila brifu (maelekezo ya kazi ya klaienti) ya Ijumaa jioni nani anaitibu?

Kila ikifika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ejensi za matangazo za huku Dar es Salaam, Masaki na Mikocheni, zinachangamka, utaona tisheti, keki inakatwa, HR kaleta mtaalamu kaongea kuhusu stresi, picha zimepigwa, halafu saa nane mchana watu wanarudi mezani kumalizia kazi ya klaienti mpaka saa tano usiku. Sidharau jamani. Kwenye mji ambao ukisema kichwa hakijakaa sawa bado kuna wa kukutania uwahishwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, bosi kusimama mbele ya watu akasema neno sonona siyo kitu kidogo.

Na wanaotetea hizi huduma za ushauri nasaha ofisini wana hoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) na lile la Kazi walikadiria 2022 kwamba sonona na wasiwasi vinaila dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara karibu dola trilioni moja. Halafu siyo kila kinachomuumiza mtu kinatoka ofisini, kuna kodi ya nyumba, kuna msiba, kuna ndoa inayoyumba, huyo hata ukimpunguzia kazi nusu bado anahitaji daktari au mtu wa kuongea naye. Shida ni uaminifu. Mshauri kaletwa na ofisi, analipwa na ofisi, na kuonana naye lazima upitie HR, sasa nani ataenda kumwaga siri zake pale wakati mwezi ujao kuna mikataba inahuishwa?

Ila mimi naona tatizo lenyewe liko kwingine. Chukua Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, dizaina kashafunga begi anawaza foleni ya Mwenge, voisi noti inaingia kwenye grupu la klaienti, "posta nzuri sana hongereni, naomba tubadilishe kidogo tu", kidogo yenyewe ni bei, picha na rangi, ikirudishwa bosi wa klaienti ambaye hata kwenye brifu hakuwepo anasema logo iwe kubwa, asubuhi watu wa masoko wanasema turudi kwenye ile ya kwanza, faili sasa linaitwa posta_mwisho_mwisho_7. Jumamosi imeisha hivyo. Mwaka 2019 WHO walipouweka kwenye orodha yao ule uchovu unaokukausha mpaka hujali tena kitu, hawakuuita ugonjwa, walisema ni jambo la kazini, linatokana na stresi ya kazi ambayo haikudhibitiwa. Sasa jambo la kazini utalitibuje kwa mazoezi ya kupumua?

Wenye ejensi nao ukiwasikiliza unawaonea huruma. Klaienti mkubwa anaweza kulipa baada ya miezi mitatu, mishahara inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na ukimwambia hapana, mtaa wa pili kuna ejensi itasema ndiyo tena kwa bei ya chini. Sabasaba, Ramadhani, Krismasi, kazi zinakuja kwa mpigo huwezi kuzipangia foleni. Na tuseme ukweli, wapo wabunifu wanaozubaa wiki nzima wakisubiri wazo lije usiku wa mwisho, halafu lawama anapewa bosi.

Sheria ipo lakini. Ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, ova taimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe mara moja na nusu, na likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili. Wangapi kwenye ejensi wamewahi kulipwa ova taimu? Kipengele cha saa kinawaacha nje wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, na huku kwetu kila mtu ni meneja wa kitu fulani (cheo ni bure kutoa).

Wajapani walifika kubaya. Mwaka 2015 kijana wa miaka 24 wa Dentsu, ejensi kubwa kabisa kule Tokyo, alijiua, na serikali ikathibitisha chanzo ni kazi kupita kiasi. Ofisi ikaanza kuzima taa saa nne usiku, na 2017 mahakama ikaipiga faini ya yeni 500,000. Kuzima taa ni sawa, ila kama mzigo ni uleule mtu anabeba kompyuta anaenda nayo nyumbani.

Ndiyo maana nasema bosi anayetaka kusaidia aanze na mkataba wa klaienti: marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa, anayepitisha kazi awe mtu mmoja mwenye jina, na kinachotumwa baada ya saa kumi na mbili jioni kihesabiwe cha kesho. Ejensi ndogo peke yake haiwezi, hilo nakubali, lazima klaienti nao waguswe, maana kuna makampuni yana sera nzuri za afya ya akili kwa wafanyakazi wao wenyewe na hao hao ndiyo wanaotuma brifu Jumamosi usiku wakitaka kazi Jumatatu.

Frilansa ndiyo hata sijawagusa, hao hawana HR, hawana likizo, mshauri wala keki, wao wangelipwa tu asilimia hamsini kabla ya kuanza kazi wangeanza kulala.